Mkuki Uliotoka Makumbusho

Watu wakimtaja marehemu mume wangu husema, "Yule Muharami aliyefukuzwa makumbusho." Mimi husikia vibaya sana. Mtu amelea watoto, amebeba magunia gatini mpaka mgongo ukapinda, hakumdhulumu mtu, halafu akumbukwe kwa kufukuzwa? Basi nitaeleza mwenyewe, kwa sababu nilikuwepo, na wengi wanaosimulia hawakuwepo.

Mimi ni Siti binti Bashiri, mzaliwa wa Bukoba mjini. Baba yangu alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi. Muharami naye alizaliwa hapa hapa. Baba yake, Omary, alitoka pwani akibeba mizigo ya Wajerumani, safari ikamwishia kwetu. Mama yake alikuwa Mhaya wa Ijumbi, upande wa Muleba, jina lake Kokuhirwa. Alikuja mjini kuuza ndizi, akaonana na Omary, akasilimu, akaolewa. Kwao walikuwa Walutheri wa mwanzo mwanzo, watu walioishika dini kwa mikono miwili. Kaka yake, Rugaibula, alikuja kuwa mzee wa kanisa. Alisema dada yake amekufa, akakataza jina lake lisitajwe tena nyumbani. Na Kokuhirwa alipokufa kweli, tulipeleka habari Ijumbi, hakuja mtu. Tulimzika sisi wa mjini, na Muharami alishuka kaburini bila mjomba wala binamu wa kumshika mkono.

Makumbusho yale yalijengwa miaka ile kahawa ilipopanda bei, Mwingereza bado yuko. Wakubwa fulani walikaa wakaona kwamba mji wenye heshima lazima uwe na jumba la kuweka vitu vya kale. Mji wenyewe ulikuwa vipande vipande. Sisi Waislamu tulikuwa upande wetu, Walutheri upande wao, Wakatoliki macho yao yako Kashozi kwa mapadri, Wahindi madukani, Wazungu kule ufukweni kwenye upepo mzuri. Ukifiwa ulijua mapema nani atakuja na nani hatakuja. Wakubwa wakasema jumba litatuunganisha. Saruji ikashushwa melini, vioo vikashushwa, kila gunia la kahawa la mkulima likakatwa pesa kidogo, na jumba likasimama kwenye kilima ambacho kila upande ulisema ni cha wenzao.

Nani alilipenda? Mashehe wetu walisema ni nyumba ya masanamu. Walutheri walisema vitu hivyo waliambiwa wavitupe, leo wanaambiwa wavirudishe vikiwa vimepanguswa vumbi. Wakatoliki waliuliza kwa nini halikujengwa Kashozi. Kulikuwa na mama mmoja wa huko Kashozi, Anatolia, niliyekuwa nikinunua ndizi zake sokoni. Siku jumba lilipoezekwa alilitazama kwa muda, akatema mate pembeni.

"Siti," akaniambia, "kwetu mwenye uchungu wa kuzaa anabebwa kwenye machela mpaka huku mjini, na wengine wanafia njiani. Mikuki ndiyo inajengewa nyumba ya vioo."

Nikamlipa, nikabeba ndizi zangu.

Mwenyekiti wa kamati ya jumba hilo alikuwa Mwalimu Kamugisha, msomi, mtu wa tai na Kiingereza. Si mtu mbaya. Ilipofika kutafuta mlinzi, kila upande ulimkataa mtu wa upande mwingine, na hata waliokuwa wa dini moja walikataana kwa ajili ya koo zao. Mwisho Kamugisha akachoka, akasema atafutwe mtu asiye na ukoo. Wakamfikiria Muharami: baba mpwani, mama katupwa na kwao. Walisema huyu hana wa kumpendelea.

Muharami alirudi nyumbani na funguo, akanieleza maneno hayo kana kwamba ni sifa. Nikachukia.

"Wamekutukana mbele ya macho yako na wewe unachekelea."

"Wametupa na chumba," akasema.

Chumba kilikuwa nyuma ya jumba, sakafu ya saruji, bati juu, bomba la maji uani. Sitaki unafiki: jumba nililisema kama walivyolisema wenzangu, lakini chumba kile nilikipenda. Kabla ya hapo tulipanga sehemu ambayo mvua ikinyesha tunahamisha kitanda. Watoto wangu walikuwa hawajawahi kulala pakavu masika nzima.

Kazi ya Muharami ilikuwa kufungua asubuhi, kupangusa vioo, kuwaambia watu wasiguse, na kufunga jioni. Aliifanya kwa moyo. Wageni walikuwa wachache, na wengi waliingia kucheka: mtu anakuta chungu kama cha nyanya yake kimewekwa juu ya kitambaa, anauliza kama kuna chakula ndani.

Siku moja akaja mzee mrefu, kanzu na koti kuukuu, mkuki mkononi. Alikuwa ameagizwa na mkubwa wa kijiji chake aulete, kwa kuwa kamati ilisikia kwamba ni wa zamani sana. Nilikuwa nafagia baraza. Mzee alimtazama Muharami aliyesimama mlangoni, akamtazama tena.

"Wewe ni mwana wa nani?"

"Wa Omary."

"Na mama yako?"

"Kokuhirwa."

Ufagio ulinisimama mkononi, maana nilikwisha elewa. Yule alikuwa Rugaibula. Nilidhani atasema neno. Alivuta koti lake likae sawa, akaingia ndani kwa Kamugisha.

Nilimsikia vizuri alivyosema, na wajumbe wa kamati waliokuwepo walimsikia. "Mkuki huu si zawadi. Kwetu mtu akifa, mwanawe hajawa mwenye nyumba mpaka akabidhiwe mkuki wa baba yake mlangoni, ukoo wote ukiona. Hapa ninaazima. Nikifa, mtoto wangu ataufuata."

"Bila shaka, mzee wangu, bila shaka," Kamugisha akamjibu, huku akibandika namba kwenye mti wa mkuki.

Tangu hapo Mzee Rugaibula akawa anakuja kila akiuza kahawa mjini. Anasimama mbele ya kabati la kioo, anautazama mkuki wake, anaondoka. Lakini akishaondoka, Muharami hukuta kwenye benchi lake kifurushi cha jani la mgomba, ndani yake akamwani, zile punje za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa ambazo Mhaya humtia mgeni wake kiganjani. Muharami alizitafuna moja moja mchana kutwa. Hata mimi hakunipa.

"Zungumza naye basi," nikamwambia.

"Yeye ndiye mkubwa. Aanze yeye."

"Mtakufa mmenyamaza."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mvua za vuli zilipoanza akaja kijana mmoja, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Alikuwa Kagaruki, mwana mkubwa wa Rugaibula, mkulima, Mlutheri kama baba yake. Mzee alikuwa amefariki. Alhamisi wangeanua matanga na kumweka mrithi, naye alikuwa amefuata mkuki.

Kamugisha alishika kichwa. Jumamosi ya wiki ile ile kulikuwa na Mzungu mkubwa anakuja kutoka Dar es Salaam kulifungua jumba rasmi, na mkuki ule ndio uliokuwa katikati ya chumba, mahali pa kwanza kutazamwa. Akafikiri kidogo, kisha uso ukamng'aa.

"Fanyeni hapa," akasema. "Tutasogeza siku yenu iwe Jumamosi. Mje ukoo wote, mkabidhiane mkuki hapa mbele ya mgeni, aone mila ikiwa hai."

Alisema kwa nia njema kabisa, hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa Mhaya, baba yake alizikwa kwenye kibanja, shamba la migomba la ukoo, kama baba wa wenzake, lakini jumba lilikuwa limeshamzuga.

"Mlango wa baba yangu uko Ijumbi," Kagaruki akajibu.

"Basi chukua mwingine. Iko miwili kwenye stoo, inafanana."

Kagaruki hakupandisha sauti. Alisema, "Waitu, Mwalimu," kwa heshima ile ya Kihaya, akatoka nje. Pale mlangoni akasimama mbele ya Muharami, na nikaona kwamba lililobaki lilikuwa linamshinda kulisema.

"Kuna neno jingine," akasema. "Kwetu mkuki hautolewi na mtu wa ukoo. Unatolewa na mwihwa, mtoto wa binti yetu aliyeolewa nje. Waihwa tunao wengi. Mimi ningemwita mmoja wao. Lakini marehemu alisema atoe mwana wa Kokuhirwa."

Muharami akamuuliza, "Alilitaja jina la mama?"

"Alilitaja."

Kagaruki akashuka ngazi bila kuaga. Hakuwa amefurahi kuleta ujumbe ule, na hakulificha hilo.

Siku ile hakukulika. Muharami alimfuata Kamugisha, akamwomba apewe ruhusa aupeleke mkuki yeye mwenyewe, aurudishe jioni ile ile, kabati lijae kabla ya Jumamosi. Kamugisha akasema mali ya makumbusho haitembezwi, na kwamba mkuki ukivuka kizingiti kazi imekwisha na chumba kimekwisha. Muharami akaja kuniambia. Nikamwambia yaliyokuwa moyoni mwangu.

"Mjomba gani huyo? Dada yake amekaa mjini miaka yote akiuliza kila mtu anayetoka Muleba kama kaka yake mzima. Hakuja akiugua, hakuja akifa. Leo yeye kafa, ndiyo anamkumbuka mpwa? Wanangu walale kwenye maji kwa ajili yake?"

Muharami alikuwa si mtu wa kujibizana. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Siti, mimi nina miaka karibu arobaini. Hakuna mahali nilipowahi kuitwa. Hapa wameniita."

Nikamwambia atafanya anavyotaka, ila hatakwenda peke yake, wasije wakasema mwana wa Kokuhirwa hana mke. Tukakubaliana jambo moja: mkuki utarudi. Desturi yao ni kwamba mwihwa akishatoa mkuki anaomba kitu katika nyumba ya mjomba wake, na alichoomba hanyimwi, hata kama ni ng'ombe wa maziwa. Basi ataomba mkuki wenyewe. Tutarudi nao, nitampigia magoti Kamugisha, mambo yataisha. Aliniitikia. Nami nilimwamini, kwa sababu hata yeye alijiamini.

Alhamisi asubuhi alivaa kanzu yake ya Idi na kofia, akafungua kabati mchana kweupe, akauchukua mkuki. Hakuufunika. Tulipita nao sokoni, watu wakasimama kututazama, Anatolia akiwa mmoja wao na ndizi zake. Tukapanda lori lililokuwa linakwenda Muleba. Pale Kemondo wakapakia dagaa, nami nikakaa juu ya magunia na kanga mbili zikinuka samaki, moyo wangu ukiwa na uchungu. Muharami aliushika mkuki wima safari nzima, asije akamchoma mtu.

Ijumbi tulikuta watu wamejaa kwenye kibanja, wamekaa chini ya migomba, wanaume huku na wanawake kule. Walipoiona kofia ya Muharami minong'ono ikaanza. Mzee mmoja akasema kwa Kihaya, akidhani hatusikii, kwamba haiwezekani mwana wa mzee wa kanisa akabidhiwe nyumba na Mwislamu. Wengine wakaitikia. Kagaruki alitazama chini.

Ndipo akanyanyuka bibi mmoja mkongwe, Kemilembe, shangazi wa marehemu. Alitembea kwa mkongojo mpaka kwa Muharami, akamshika kidevu, akamgeuza uso huku na huku.

"Kokuhirwa nilimpokea mimi alipozaliwa, katika nyumba ile pale," akawaambia. "Huyu ametoka tumboni mwake. Kama kuna mtu anaweza kulibadilisha hilo, asimame."

Hakusimama mtu.

Kemilembe akamweka Muharami kizingitini, akamfundisha maneno pole pole, naye akayarudia. Kihaya chake kilikuwa cha mama yake, cha mtoto, maana tangu mama afe hakuwa na wa kuzungumza naye. "Kagaruki, pokea mkuki wa baba yako. Nyumba ni yako. Anayekuja na njaa ni wako. Anayekuja na kilio ni wako." Kagaruki alipiga magoti kwenye nyasi, akapokea kwa mikono miwili. Mtu yule aliyekuja mjini akaondoka bila kuaga alikuwa amepiga magoti mbele ya mume wangu, na nilipomtazama vizuri nikaona machozi yanamtiririka.

Sasa ikawa zamu ya mwihwa kuomba. Kagaruki alikuwa amekwisha jua ataombwa nini. Alikuwa ameukumbatia ule mkuki kifuani na uso umemsawijika, lakini angeutoa, desturi haimruhusu kukataa. Mimi nilikuwa karibu. Nikamvuta Muharami kanzu, nikamnong'oneza, "Omba mkuki."

Aliitoa kanzu yake mkononi mwangu, akawageukia watu.

"Naomba mama yangu aliliwe," akasema. "Alikufa mjini, tukapeleka habari. Kwao hakulia mtu. Naomba aliliwe hapa, kwa jina lake."

Kagaruki aliinuka. Neno la kwanza alilolisema akiwa mwenye nyumba ile lilikuwa jina ambalo baba yake alikuwa amelikataza. Alilisema kwa sauti, akiuelekea umati: "Kokuhirwa." Kemilembe akatupa mkongojo wake chini, akaweka mikono kichwani, akaanza. Wanawake wakampokea. Wengi hawakuwahi hata kumwona, walikuwa wachanga, lakini walimlilia kama maiti iko ndani. Wazee wa kanisa wakavua kofia. Yule mzee aliyekuwa amepinga akageukia mgomba, akaegemeza paji la uso.

Mimi nilikuwa na hasira. Nilikiona chumba changu kinaondoka, bomba linaondoka, saruji inaondoka, na mume wangu bado amesimama kizingitini. Kisha nikamkumbuka mkwe wangu alivyokuwa akikaa mlangoni akiwauliza wauza ndizi, "Umetoka Ijumbi? Kaka yangu mzima?" Nikaweka mikono kichwani na mimi, nikalia.

Tulirudi mikono mitupu. Ijumaa asubuhi Muharami alipangusa vioo vyote kama kawaida yake, na lile kabati tupu akalipangusa, halafu akampelekea Kamugisha funguo.

"Mkuki uko wapi?"

"Uko nyumbani, Mwalimu."

Kamugisha alitaja polisi, lakini hakuwaita. Aliikumbuka ahadi aliyompa mzee mbele ya wajumbe wake. Tulihama siku hiyo hiyo. Jumamosi Mzungu alikuja, akapigiwa makofi, akakata utepe, na nasikia katikati ya chumba walikuwa wameweka mmoja wa ile mikuki ya stoo. Hakuna aliyejua tofauti.

Tulirudi kwenye kuhamisha kitanda mvua ikinyesha. Muharami akaenda gatini kubeba magunia ya kahawa. Sikumsamehe haraka, na asiniambie mtu kwamba ningepaswa. Kila bati likivuja nilimtajia lile bomba na ile saruji. Alikuwa ananisikiliza tu, anasogeza sufuria mahali panapodondoka.

Ikaja Idi. Tulikuwa tumekaa chumbani, watoto wamevaa nguo walizonazo, mara hodi mlangoni. Alikuwa Kagaruki, mkungu wa ndizi begani, kanzu imelowa jasho, ametoka nao Ijumbi. Tangu Kokuhirwa aolewe, hakuna mtu wa kwao aliyewahi kubisha hodi kwake wala kwa mwanawe.

Kagaruki alikuwa mdogo kwa Muharami kwa miaka mingi, angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho. Lakini kwa Wahaya anayeshika mkuki wa mjomba ndiye mjomba. Muharami alisimama wima, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, akampokea mzigo.

"Karibu, mjomba," akamwambia.

"Asante, mwihwa," Kagaruki akajibu. "Nimekuja kuwaona wajukuu zangu."

Watoto wakasogea mmoja mmoja, akawashika vichwa, akawauliza majina. Nikaingia ndani kutafuta kisu, nizimenye zile ndizi.